Wakimbizi ya Watoto

Kazi ya misheni ni kukaa. Hiyo hakuna mutu aliniambia. Pale kanisani Arua waliniambia kuomba, kuimba, kutembelea wagonjwa, kusaidia wajane, na mimi nilikubali yote. Kuomba najua, kuimba najua, na kwa wajane mimi naenda hata bila kutumwa, wajane iko na habari mingi. Lakini kukaa! Unaingia kwa nyumba ya mutu, wanakupa kiti, unakaa. Mgonjwa amelala, wewe unamwangalia. Mwenye nyumba anakuangalia wewe. Inzi inawaangalia ninyi wote. Muzee yangu anaweka mikono kwa magoti, anatulia kama mutungi, jua inatoka mlangoni inafika ukutani na yeye hajasogea. Mimi nimeshaangalia dari, nimeshaangalia sufuria chini ya kitanda mpaka nimejua yenye inavuja, na miguu yangu inacheza chini ya kitenge kama kuku yenye wamefunga kamba.

Muzee yangu hii kazi inamfaa. Maisha yake yote alikuwa askari, analinda duka ya watu pale Arua mjini, na askari ni mutu ya kukaa. Amekaa kwa mvua, amekaa kwa baridi, amekaa mlangoni kwa tajiri huyu, akifa anakaa kwa tajiri mwingine. Kitu moja tu walikuwa wanamuuliza. Tajiri anachelewa kurudi, anapiga mlango ya geti, anaita, "Nani iko?" Na yeye anajibu kwa ile sauti yake, kama ngoma iko chini ya blanketi, "Ni mimi." Basi. Mazungumzo imekwisha mpaka kesho. Mimi nilikuwa kule Ajia kwa shamba, nalima, navuna karanga, naenda sokoni, narudi. Tulionana kwa likizo. Watoto yetu yote ni watoto ya likizo.

Sasa amezeeka, ameacha kazi, amerudi nyumbani Ajia, na siku moja anatoka kanisani anakuja kusimama mbele yangu. Nilikuwa napepeta simsim. Amevua kofia.

"Bibi," anasema, "kanisa inatafuta wazee. Bwana na bibi pamoja. Waende Koboko, wakae mwaka moja na nusu. Kanisa ya kule bado changa, iko na vijana tu, haina wazee."

"Na shamba?"

"Mutoto iko."

"Na mbuzi?"

"Mutoto iko."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa na mimi. Ninakuomba."

Niliweka ungo chini. Nikamwambia, "Baba ya watoto, meno imekwisha mdomoni, ndiyo unakuja kunitongoza leo?" Hakucheka. Aligeuza kofia kwa mikono, akaigeuza tena. Nikasema sawa, twende.

Mutoto yetu mkubwa, huyu mwenye anakaa na sisi, alipiga kelele kama gari imekanyaga mbuzi yake. "Mama! Watu watasema nini? Wazee wanatoka nyumbani kama wageni! Mutu anazeeka anaingia ndani, hatoki nje!" Bibi yake, mwenye alimuoa, yeye hakupiga kelele, yeye anaongea pole pole, anavuta sauti kama mutu anavuta maji kwa kisima. Siku ya kuondoka nilikuwa nimebeba jembe yangu kwa bega. Akaja akaishika. "Maaama. Jembe iache. Unaenda kwa kazi ya Mungu." Hiyo jembe mpini yake imeliwa na mikono yangu, pahali nashika iko nyembamba kama shingo ya chupa. Niliiacha. Nilikuwa mjinga.

Koboko walitupa nyumba ndogo ya kanisa, karibu na barabara. Vyumba mbili, viti mbili, kitanda moja. Hiyo kitanda moja nilicheka peke yangu. Halafu mukubwa ya misheni alikuja kutuambia sheria. Ni mutu ya Kampala, mpole, amenyoa vizuri, Kiswahili yake anaipima kidogo kidogo kama chumvi, na katikati anaweka ssebo na nnyabo, bwana na mama kwa Kiganda. "Wazee wetu wapendwa," anasema. "Nyinyi, ssebo, nyinyi nnyabo, nyinyi ni mfano. Kila pahali, pamoja. Bwana anaenda, bibi anaenda. Kurudi nyumbani, hapana, mpaka muda imekwisha. Biashara, hapana. Shamba yenu wenyewe, hapana. Na kama moja anachoka anarudi, wote mbili wanarudi, kwa sababu nusu ya wazee haiwezi kufanya kazi." Akatufungia kifuani kibao ndogo nyeusi. Mimi sijasoma, lakini watoto ya jirani walinisomea, wakasema imeandikwa jina. Nikasema afadhali, nikisahau nitauliza kifua.

Pamoja, pamoja. Kwetu mwanaume anatangulia, mwanamke anafuata na mzigo kichwani, njia yenyewe imekatwa kwa mguu moja. Sasa tunatembea bega kwa bega katikati ya Koboko kama ng'ombe ya kulima, na boda zinapiga honi, na wanawake wanatoka mlangoni kuangalia. Muzee anaenda upande ya kulia, mimi najikuta nyuma. Anasimama, ananingoja. Natembea, najikuta nyuma tena. Anasimama. "Bibi, sheria." Siku ya kwanza tulifika kwa mgonjwa jioni.

Huyo mgonjwa ni mama mjane ya mguu. Mguu yake imevimba, hawezi kwenda shamba, shamba iko pale pale nyuma ya nyumba, na majani imeota mpaka dirishani inamchungulia. Kila siku tunaenda kwake, tunakaa. Muzee anasoma Biblia na kidole, pole pole, na yule mama anafunga macho na uso yake inalegea. Mimi naangalia yale majani kwa dirisha. Mikono yangu inauma. Nyinyi mwenye hamlimi hamjui: mukono yenye imelima tangu utoto, ukiikataza, inauma kama jino.

Basi mimi mahali yangu ya kupumua ikawa bomba ya maji. Bomba iko mbele ya nyumba, muzee ananiona kutoka mlangoni, kwa hiyo sheria haijavunjika. Pale kuna jirani yetu, Hajati. Anauza chapati kando ya barabara, mama mnene, mcheshi, akikushika mukono anakaa nayo mpaka habari inaisha. Kuna wenzake pia. Wanawake ya Koboko wanajua kusikiliza, na mimi mutu akinisikiliza nimekwisha. Nikawa nawaonyesha watu yangu, naiga sauti yao. Naonyesha tajiri: "Nani iko?" Naonyesha muzee: "Ni mimi." Naonyesha mukubwa ya misheni anapima chumvi yake. Wanacheka wanashika mitungi isianguke. Naweka mukono kwa kiuno, navuta sauti, naonyesha bibi ya mutoto yangu:

"Maaama. Jembe iache. Maaama. Mbuzi iache, tutafunga sisi. Wewe nenda tu, maaama."

Halafu mutoto mwenyewe: "Watu watasema nini! Wazee wanatoka nyumbani kama wageni!"

Hapo hawakucheka. Hajati aliweka mukono kwa mdomo. Moja akasema, "Subhanallah." Mimi nilifikiri wanazuia kicheko, nikaongeza. Nikaonyesha vile nilibaki nimesimama njiani na bega bila jembe. Moja akafuta macho na leso.

Kutoka hiyo siku chakula ikaanza kuja. Asubuhi unafungua mlango, kuna sahani imefunikwa. Muhogo. Maharage. Chapati ya Hajati, bado moto, mafuta inatoka. Sombe, majani ya muhogo vile Wakongo wanapika, imeletwa na mama mmoja Mukongo mwenye anauza mkaa. "Kula, mama muzee, kula tu, Mungu anaona mutu yake." Nikamwambia muzee, "Hawa watu ya Koboko iko na roho! Arua utakaa mwaka na jirani hujui mchuzi yake." Muzee akala, akasema, "Wanapenda misheni." Tukakaa na hiyo furaha yetu kama wajinga wawili.

Halafu mvua ya kwanza ikaja.

Ilikuja mchana, ghafla, vumbi ikaruka, mabati ikalia, na baadaye ile harufu. Udongo ya Koboko inanuka tofauti na ya Ajia, yetu iko na utamu ndani, lakini bado ni udongo, bado inakuita. Nilisimama mlangoni maji inanirukia miguu. Nilijua kule nyumbani sasa hivi wanavunja maganda ya karanga ya mbegu, wanatoa mbovu, na bibi ya mutoto yangu hajui kuchagua, anaweka hata yenye imekunjamana. Niliona shamba yote mbele ya macho, mpaka ile kichuguu kwa kona.

Sikulala vizuri tena. Asubuhi nafagia uwanja, nikimaliza nafagia tena, mpaka uwanja ya kanisa ikawa kama kichwa ya mutu mwenye upara. Nang'oa majani kwa njia. Nang'oa kwa njia ya watu. Na kila asubuhi kule barabarani kijana ya taksi anaita watu yake, sauti imekauka: "Arua-Arua-Arua-Arua, moja amebaki, Arua!" Moja amebaki. Yeye anasema hivyo hata gari ikiwa tupu, ninajua, lakini mimi kila siku nilisikia kama ananiita kwa jina. Siku moja nilifika mpaka kwa mlango ya ile taksi na ndoo tupu mukononi. Kijana anasema, "Mama, ingia." Nikamwambia, "Mimi nauliza tu." Anasema, "Unauliza nini?" Nikarudi na ndoo.

Nikamuomba mukubwa ya misheni, alipokuja kututembelea, kipande kidogo nyuma ya nyumba, nilime hata mistari kidogo. Anacheka kwa adabu. "Nnyabo, sheria. Akili yako iko hapa kwa kondoo ya Bwana, au iko kwa karanga?"

"Kwa karanga, ssebo."

Muzee alikohoa. Mukubwa akageukia Biblia.

Jioni hiyo nilimwambia muzee. Tulikuwa tumekaa nje kwa viti yetu mbili. Nikasema, "Baba ya watoto, mimi nataka kurudi."

Muzee aliweka mikono kwa magoti. Ni kama mutu ameingia ndani amefunga mlango. Halafu anasema, "Mukubwa alisema moja akirudi, wote mbili."

"Nilisikia."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi utaniambia siku."

Hiyo tu. Hakunikataza. Angenikataza ningepata kitu ya kusukuma! Na pale pale, kabla sijafungua mdomo tena, anakuja yule mutu ya nyama. Ni mchinjaji, duka yake iko karibu na soko, alikuwa amegombana na ndugu yake juu ya uwanja ya baba yao, na wakristo wenzake walimtuma kwa muzee. Sasa anakuja karibu kila jioni, anachuchumaa mbele ya kiti ya muzee, na mikono yake mikubwa inaning'inia. Anamuelezea maneno yote, halafu anasema, "Muzee. Wewe unaona aje?"

Na mimi niko pale, naona muzee yangu anarekebisha kola ya shati. Kila mara mutu akimuuliza anaona aje, anarekebisha kola kwanza. Halafu anafikiri. Halafu anasema maneno matano, sita, na yule mutu anayabeba kama mayai, anaondoka. Vijana ya kanisa wanafanya vile vile: unaona aje, muzee, huyu msichana? Unaona aje, hii kazi ya Juba? Tangu tuje Koboko hiyo kola imechakaa.

Kwa hiyo sikusema siku. Nilisema kwanza tumalize hii wiki. Halafu nikasema kwanza nifue mashuka. Mvua ikanyesha tena, na mimi nikawa mutu wawili: miguu yote iko Ajia, na matako iko kwa kiti Koboko.

Asubuhi moja nilienda kwa bomba, Hajati hayuko. Meza yake ya chapati imefunikwa. Mama Mukongo ya mkaa hayuko. Nikauliza msichana moja, ananiangalia kwa huruma anasema, "Wameenda kwa ajili yenu, mama muzee." Nikafikiri wameenda mahali kutuombea. Sikujali. Nilienda na muzee kwa mama ya mguu, tukakaa.

Jua ilikuwa inashuka tuliporudi, na mbele ya nyumba ya kanisa kuna gari. Mlango inafunguka, anashuka Hajati na jogoo chini ya kwapa. Nyuma yake Mama Mukongo. Halafu anashuka mutoto yangu. Yule mutoto yangu mkubwa, na suruali ya kanisani, na udongo ya Ajia bado kwa viatu, na uso imevimba kama mutu amelia njiani akaficha.

"Mama!" anasema. "Mimi nimekufukuza?"

"Nani amekufa?" nikasema mimi. Maana kwetu gari haikodiwi bure.

"Mama! Mimi nimekunyima jembe?"

Watu wakaanza kujaa kwa uwanja ile yangu ya upara. Hajati akaja katikati. Alikuwa ameshika yule jogoo bado, amechoka, jogoo amechoka zaidi. Anasema, "Sikia, mama muzee, usiogope, sisi iko na wewe. Tumefika mpaka Ajia. Tumeuliza nyumba, tumeonyeshwa. Hatukuenda mikono tupu, tumebeba jogoo, kwa sababu mutu haendi kuomba maneno ya watu wazima na mikono tupu. Nimemwambia huyu kijana yako, wallahi, sisi hapa Koboko tumeona wakimbizi ya vita mpaka tumezoea, wakija tunawapa maji. Lakini hii ni mara ya kwanza kuona wakimbizi ya watoto! Wazee hawana shamba, hawana mbuzi, wamefungwa kibao kifuani kama watu ya kambi, wanazunguka nyumba kwa nyumba wanakaa tu! Muzee amekonda!"

"Hajati, huyu alizaliwa amekonda."

"Na jogoo huyu kijana yako amekataa kuchukua!" anasema Hajati. "Anasema hawezi kula jogoo ya kesi yenye hajui."

"Nani aliwaambia tumefukuzwa?"

"Si ni wewe!"

"Mimi?"

Hapo Hajati alimpa Mama Mukongo jogoo. Akapanua miguu. Akaweka mukono kwa kiuno, akainamisha kichwa upande, akavuta sauti kama mutu anavuta maji kwa kisima: "Maaama. Jembe iache. Maaama. Mbuzi iache. Wewe nenda tu, maaama."

Mimi nimeonyesha watu maisha yangu yote. Hakuna mutu aliwahi kunionyesha mimi. Hajati alikuwa ananionyesha mimi vile namuonyesha bibi ya mutoto yangu, hata vile nanyanyua kidole kidogo, hata vile nafunga jicho moja. Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mutoto yangu akaniangalia, akaanza kuelewa, akashika kichwa. "Aaai, mama. Mama, mdomo yako!"

"Ulikuwa unacheka?" Hajati anauliza. "Siku ile yote ilikuwa mchezo?"

"Hajati," nikasema, "huyo bibi ya mutoto yangu alinishikia jembe kwa mapenzi."

Mama Mukongo akasema, "Mungu wangu, na sombe yangu yote." Watu wakacheka, jogoo ikatoroka, watoto wakaikimbilia. Lakini Hajati hakucheka sana. Alikuwa amefunika meza yake siku nzima kwa ajili yangu, amepanda gari. Akanishika mukono vile anashikaga, hakuachilia. Anasema, "Sawa. Hamkufukuzwa. Basi niambie, mama. Mutu iko na nyumba yake, iko na shamba, mvua imekuja, mutoto anampenda. Anatoka kwa nini?"

Na mutoto yangu, kabla sijajibu, akasema kwa sauti ndogo, ile ya wakati alikuwa mutoto, "Mama, gari iko hapa. Imelipwa kwenda na kurudi. Mbegu tumeshavunja, imekungoja, bibi yangu anaogopa kuchagua bila wewe. Turudi tu."

Mnaona sasa. Kitu yote niliomba, imekuja mpaka mlangoni, na dereva. Nikageuka kumwangalia muzee.

Kiti yake ilikuwa tupu.

Niliingia ndani. Alikuwa amenipa mgongo. Mfuko iko juu ya kitanda imefunguliwa. Shati yake nyeupe ya misheni ameikunja, kola juu, amelaza Biblia juu yake, na juu ya Biblia ameweka kile kibao nyeusi, ameshakifungua kutoka kifuani. Sasa alikuwa anakunja kitenge yangu. Hajui kukunja kitenge, anakunja kama hema. Hakuna mutu alimwambia apange. Aliona tu gari na mutoto, ikatosha.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasema ile yenye nasema siku zote kumchokoza, kwa sauti ya tajiri: "Nani iko?"

Hakugeuka. "Ni mimi," anasema. Na baadaye kidogo, "Gari inangoja, bibi."

"Ingoje."

Nilirudi nje. Hajati bado amenyoosha mukono, kama nilikuwa nimeuacha hapo na nitaurudia. Nikaanza kusema kwa sauti ya muzee, haikutoka. Nikajaribu ya mukubwa ya misheni, wazee wetu wapendwa, ikakwama. Basi nikasema tu, vile ninaongea, na sauti yangu yenyewe niliiona nyembamba.

"Huyu muzee amelinda milango ya watu mpaka ameisha. Hakuna mutu alimuuliza anaona aje. Hata mimi. Mimi namwambia karanga imefika bei hii, anasema sawa. Miaka yote hakuwahi kuniomba kitu, hata maji anajichotea. Halafu amekuja kuniomba hii moja. Ndiyo nimetoka. Mungu anajua sikuja kwa sababu ya Mungu peke yake, na yeye hajanikasirikia, nafikiri."

Yule mchinjaji alikuwa amefika, amesimama nyuma ya watu, anangoja zamu yake na muzee.

"Na hukai vizuri," Hajati anasema. "Tunakuona. Unafagia mpaka mawe."

"Sikai vizuri hata kidogo. Miguu yangu ilishapanda hii gari." Nikamgeukia mutoto. "Lakini gari irudi na wewe. Mbegu, mwambie bibi yako yenye imekunjamana atoe, yenye ngozi imepasuka atoe, zingine aweke tu, asiogope. Na mimi niletee jembe."

"Mama, wamekataza kulima!"

"Wamekataza shamba yangu. Hawajakataza ya mjane."

Mukubwa ya misheni tulimpigia simu, muzee mwenyewe aliongea, amerekebisha kola hata kwa simu. Mukubwa alipima chumvi yake kidogo. Halafu anasema, "Kulimia mgonjwa. Hiyo, nnyabo, hiyo si shamba. Hiyo ni huduma." Basi sasa ndivyo tunafanya. Muzee anakaa ndani na mama ya mguu, anasoma na kidole. Mimi niko nyuma ya dirisha kwa majani. Yeye akiinua macho ananiona, mimi nikiinua mgongo namuona. Tuko pamoja, sheria haijavunjika. Majani imepungua mpaka yule mama anaona barabara, sasa anatuambia nani amepita na nani.

Msifikiri nimetulia. Yule kijana bado anaita "Arua, moja amebaki", na mimi bado nasimama na jembe hewani mpaka gari ipotee. Karanga ya mama ya mguu imeota, nzuri, lakini si yangu, naiangalia kama mutoto ya jirani. Jogoo Hajati alitupatia sisi, anasema haiwezi kurudi nyumbani kwake na aibu. Jogoo anatembea kwa uwanja, ananifuata, na yeye pia hajui kukaa.

Jembe yenye mutoto alituma kwa taksi ilikuwa mpya. Mpini mpya, nene, imenipasua viganja yote, kama msichana ameanza kulima jana. Nilipiga simu kuuliza, ile yangu iko wapi? Akashika bibi yake. Nilisikia mbuzi inalia nyuma yake, na mvua inapiga bati yetu.

"Maaama," anasema. "Hiyo ya zamani nimeificha. Utakuja kuichukua mwenyewe."